Tango, Mtindi na Asali

Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari la shule yetu lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu, na mwanafunzi akizubaa mimi nakanyaga ya kwangu kisha nampa maneno yake. Wananiogopa, na sioni ubaya wowote. Mtu aliyepewa usukani anatakiwa aogope kitu. Kazi hii imenizoesha kuona jambo baya linakuja na kulizuia kabla halijafika. Kwa hiyo mama alipoanza kusahau, nilidhani nitakanyaga mahali fulani na mambo yatasimama.

Hayakusimama. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai, tukacheka wote wawili. Akafuatia kuficha funguo ndani ya mfuko wa unga, nikacheka peke yangu. Kisha jioni moja nikarudi kutoka kazini nikakuta mlango umefungwa komeo kwa ndani. Nikabisha.

"Nani?" akauliza mama.

"Mimi, mama. Nifungulie."

"Mimi nani?"

"Mwanao!"

"Mwanangu yuko shule," akasema nyuma ya mlango, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu. "Ondoka hapo, nitaita watu."

Na kweli akaita. Nusu ya mtaa ilitoka kuja kumkamata mwizi, ikanikuta mimi na mkoba wangu na mfuko wa nyanya. Aliyeniokoa ni jirani yetu mshona nguo, ambaye hushinda na mama nikiwa kazini; siku hiyo alikuwa ametoka kidogo kumpelekea mteja gauni lake. Alirudi mbio, akambembeleza mama kupitia dirishani mpaka komeo likafunguka. Mama akanipisha nipite, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akamwuliza jirani, "Huyu naye analala hapa?"

Nililia jikoni, nimefungua bomba la maji ili nisisikike. Nilikuwa nimerudi kuishi na mama baada ya ndoa yangu kunishinda, na miaka yote hiyo tulikuwa watu wawili tunaogombana vizuri: kwa nini umechelewa, kwa nini umenunua nyanya mbichi, kwa nini unapiga kelele kama uko barabarani. Sasa aliniambia "samahani" akitaka kupita. Mama yangu mzazi akiniomba samahani ya kupita, kwenye korido ya nyumba yake! Afadhali angenitukana.

Habari zikamfikia kaka. Kaka yangu ni fundi wa lifti, anaishi mji mwingine, safari ya nusu siku. Akanipigia simu.

"Fenesi," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni. "Mama aje kwangu. Wifi yako yupo nyumbani kutwa. Wewe unashinda barabarani, na mama mwenyewe anakuogopa."

"Haniogopi. Alinisahau kidogo tu."

"Kidogo gani hicho cha kuita watu? Kama hakujui wewe unayekaa naye, kuna tofauti gani akikaa huko au akikaa kwangu?"

"Tofauti ni kwamba hapa ni kwake!" nikafoka. "Na ananijua. Siku zingine ananijua vizuri tu."

Nilikuwa nadanganya, na kaka anaijua sauti yangu ya kudanganya. "Basi nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi," akasema. "Nikikuta anakujua, namwacha. Nikikuta hakujui, narudi naye. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Hasira ndiyo iliyojibu, mimi mwenyewe nilikuwa bado natafuta la kusema.

Jina la Fenesi lilitokana na uso wangu. Nilipokuwa na miaka kumi na minne chunusi zilinivamia bila huruma: paji la uso, mashavu, kidevu, hadi puani. Kaka akanigusa shavu, akasema ni ganda la fenesi, na shuleni wakalipokea jina kwa shangwe. Mama alimchapa mwiko wa mgongo. Jina halikutoka.

Mama alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, na hakuwa mtu wa kutupa kitu. Vichwa vya matango, mtindi uliobaki chini ya ndoo, ute wa yai, maganda ya viazi, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, vyote vilikuja nyumbani kwenye kopo, na vyote vilipita usoni kwangu. Siku moja kabla ya mtihani alinipaka manjano. Nikaingia darasani wa njano hadi masikioni, mwalimu akataka kunirudisha nyumbani akidhani naumwa ini. Kitunguu saumu kilinipatia dawati zima peke yangu. Asali niliyolala nayo ililetea mto wangu sisimizi. Nilikuwa saladi inayotembea, na niliona aibu hadi mifupani, lakini nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikainua uso kila aliponiita, kwa sababu mama aliamini kabisa na mimi nilikuwa naamini anachoamini.

Alikuwa na utaratibu wake. Hakuweka kitu usoni kwangu kabla ya kukijaribu kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa ndani. Anapaka kidogo, anaketi, anasubiri mpaka maji ya chai yachemke. Kikimwasha, anakitupa. Kisipomwasha, naitwa.

Siku ya limau alifanya vivyo hivyo. Mtu fulani kantini alikuwa amemwambia limau linakausha chunusi. Alilikamua kwenye kikombe, akapaka mkono wake, akasubiri, hakusikia kitu. Hakufikiria kwamba mikono ile ilikuwa imekaa juu ya mvuke wa masufuria ya kiwanda miaka nenda rudi, ikaungua na kupona na kuungua tena, hata ngozi ikawa ngumu na haisikii. Akanipaka shavu la kushoto. Nikamwambia inawasha. "Mbona kwangu haiwashi?" akasema. "Vumilia, mwanangu." Nikavumilia, na baadaye nikatumwa dukani kwenye jua la saa saba. Kufikia jioni shavu lilikuwa limevimba, na lilipopoa liliacha doa jeusi karibu na sikio, dogo kama punje ya haragwe. Lipo mpaka leo.

Hakuniomba radhi. Kina mama wa wakati ule hawakuwa na maneno hayo, walikuwa na masufuria. Alinikaangia viazi kila siku kwa wiki nzima, ingawa mafuta yalikuwa ya kubana. Limau halikuonekana tena mezani kwetu, hata kwa wageni. Na tangu hapo hakuuamini mkono wake. Aliniambia, "Lete mkono," akajaribu kwenye wangu, huku akinitazama usoni badala ya kutazama dawa. Akabaki na vitu vitatu vya upole: tango la kukuna, mtindi, na kijiko cha asali. Chunusi zikaja kuisha. Sijui kama ni hivyo vilivyoniponya au ni umri tu. Mama alisema ni tango, na ukibisha anakunyima chakula.

Sasa, mwezi ule wa kumsubiri kaka ulikuwa wa joto. Nilishinda kwenye gari lisilo na kiyoyozi, vumbi na jasho vikikauka pamoja usoni, nikila chochote barabarani, na usingizi ulinikimbia kwa mawazo. Asubuhi moja nikaamka na chunusi kidevuni. Moja, nyekundu, yenye kichwa. Katika umri wa miwani na mvi! Niliitukana kwenye kioo, kisha nikampelekea mama chai.

Alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyokuwa akipokea siku hizo. Akanitazama. Akakiweka chini.

"Umeanza tena kula karanga," akasema.

Nikabaki nimesimama na kisahani mkononi.

"Si nilikukataza? Ona sasa. Na shule utakwenda hivyo hivyo?" Akaninyanyua kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa hajanigusa kwa miezi. "Kamenye tango, mwanangu. Dogo, lenye mbegu changa. Usiniletee lile kubwa la kantini."

Sikubisha, na mimi ni mtu wa kubisha. Nilimenya tango huku machozi yananitoka utadhani namenya kitunguu. Mama akaingia jikoni mwenyewe, akaisogeza miwani yangu kando bila kuuliza mtoto wa shule ameipata wapi. Mtu aliyekuwa akipotea njia ya kwenda chooni alilikuna tango, akalikamua kwenye kitambaa safi, akaongeza mtindi, akainamisha kijiko cha asali juu ya bakuli mpaka uzi wa mwisho ukakatika. Hakukosea kipimo hata kidogo.

"Lete mkono," akasema.

Nikampa mkono. Akapaka, akasubiri, akinitazama usoni. "Inawasha?"

"Haiwashi, mama."

"Usinifiche."

"Haiwashi."

Siku zile ambazo chunusi ilikaa kidevuni nilikuwa na mama. Mvi hakuziona, wala mikunjo. Aliniuliza habari za shule, na mimi nikamwambia kweli nilikuwa shule, ila sikusema shule ya nini. Alinigombeza kwa kuchelewa. Jirani mshona nguo aliingia asubuhi moja na utepe wake shingoni, akamkuta mama ananipaka kidevu, akasimama mlangoni ameziba mdomo.

"Anakujua!" akaninong'oneza.

"Ananijua."

Nikampigia kaka nikajigamba. Akasema, "Haya, tutaona Jumapili," lakini nilisikia na yeye amefurahi.

Kisha chunusi ikakauka. Nilijaribu kuificha ile habari hata kwangu mwenyewe. Nilijitazama kwenye kioo kwa mbali, bila miwani. Nikampelekea mama chai. Akapokea kwa mikono miwili. "Asante, dada," akasema. "Nawe ni wa hapa hapa?"

Nilianza kutafuta chunusi. Watu wazima wenye akili zao wakisoma hili watanicheka, wacheke. Nilikwenda kulala nimejipaka mafuta ya kupikia. Nilikaanga viazi nikiwa nimeinamia kikaango mpaka nyusi zikanuka. Nilikula karanga hadi tumbo likagoma. Niliacha kunawa uso nikitoka barabarani, na mwanafunzi wangu mmoja, mama mwenye heshima zake, akauliza kama mtaani kwetu maji yamekatika. Hakuna kilichoota. Ngozi iliyonitesa ujana mzima sasa ilikaa kimya, laini, haina habari na mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilimwomba Mungu kila siku aniondolee chunusi. Hakuwa na haraka, ila alipojibu alijibu moja kwa moja.

Jumapili ikafika. Nilisimama mbele ya kioo na rangi ya mdomo nyekundu na kalamu ya wanja ya jirani. Nilianza na moja kidevuni, mahali pale pale pa kwanza. Ikaonekana mpweke. Nikaongeza shavuni. Nikaongeza paji la uso. Kila moja niliiwekea kivuli kidogo cha wanja pembeni ili ionekane imevimba.

"Watu wote wanajipaka rangi wafiche chunusi," akasema jirani, akinishikia kioo. "Wewe unajipaka chunusi."

"Usinichekeshe, zitaharibika."

"Na kaka yako utamwambia nini?"

"Kaka yangu alisema akikuta ananijua. Hakusema ananijua kwa njia gani."

Jirani akaniona macho, akaichukua rangi ya mdomo mkononi mwangu. Akaniwekea moja vizuri karibu na pua, mahali nilipokuwa sipaoni vizuri bila miwani.

Kaka aliingia na begi tupu la nguo. Aliliweka karibu na kiti, na mimi nikalichukia begi lile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Aliponiona uso akafungua mdomo acheke. Kisha akaelewa, nadhani, maana aliufunga polepole na kuanza kutazama sakafu.

Mama akatoka chumbani kwake. Kaka akamwambia shikamoo, naye akaitika, "Marahaba, baba," kama angeitikia mtu yeyote wa barabarani. Halafu akageuka akaniona mimi.

"Uuuwi! Maskini mwanangu!" Alikuja na mikono yote miwili mbele. Akanishika mashavu. "Ni nini hiki? Umekula nini? Nani amekucheka? Kuna mtu amekucheka?" Kisha akamgeukia kaka, mzee mzima mwenye kitambi na kipara, na kumnyooshea kidole. "Na wewe! Ole wako nikusikie unamwita Fenesi. Mwiko uko pale."

Kaka akakaa kitini kama aliyesukumwa. "Simwiti, mama," akasema. "Naapa, simwiti tena." Akajifuta macho kwa mkono wa shati, na kwa mguu wake akalisukuma lile begi chini ya kiti.

Basi tukaingia jikoni, sote watatu. Kaka alitumwa kumenya tango, akalimenya vibaya akagombezwa. Mimi nilikalishwa kwenye kigoda. Mama akakuna, akakamua, akachanganya, huku akiimba kitu kisicho na maneno ambacho alikuwa akiimba alipopika. "Lete mkono," akasema, nami nikauleta. Akanipaka uso mzima, baridi tupu, kwa vidole vyake vigumu visivyosikia kitu, taratibu mno, kwa sababu alijua havisikii. Tulingoja dawa ikauke. Alinishika mkono muda wote ule. Kaka alisimama karibu na jiko anatutazama, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima nilivuta pumzi hadi mwisho.

Mimi ninayeona ajali kabla haijatokea, hiyo iliyokuja sikuiona.

Mama alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akanifuta kidevu. Kitambaa kikatoka na wekundu. Akakitazama. Akatazama kidevu changu. Akafuta tena.

"Imekubali!" akasema.

Sikuelewa upesi. Nilipoelewa, nilikuwa bado na nafasi ya kumshika mkono, kusema inauma, kusema tuache kwanza. Ndiyo kazi yangu hiyo, kukanyaga kwa wakati. Lakini mama alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona amefurahi vile, hata siku ya harusi yangu. "Imekubali! Siku moja tu! Hebu njoo uone, wewe!" Akamwonyesha kaka kitambaa. "Si niliwaambia ni tango? Si niliwaambia?" Nilishindwa kumnyang'anya. Akafuta shavu, akafuta la pili, akafuta paji la uso. Akaipata na ile ya karibu na pua aliyoniwekea jirani, akaifuta nayo. Kisha akarudi nyuma hatua moja aione kazi yake, na nikaona macho yake yananitafuta, yanapita juu yangu, hayanipati.

"Umepona, binti," akasema kwa upole. "Sasa nenda nyumbani, mama yako asije akahangaika."

"Mama," akasema kaka.

Nilimtikisia kichwa anyamaze. Nilijua akisema zaidi mama ataogopa, na nilikuwa nimeshaiona hofu yake mlangoni.

Mama alikuwa amesogea tena karibu. Kitambaa chake kilikuwa kimefika karibu na sikio langu la kushoto. Alisugua kidogo, akasugua tena.

"Hili halitoki," akasema.

"Hilo ni la zamani."

Aliinama, akaliangalia sana. Uso wake ukabadilika. "Ni limau," akasema. "Nani alikupaka limau?"

"Mama yangu," nikasema.

"Hakujua," akasema mama haraka. "Usimkasirikie. Hata mimi nilimpaka wangu." Akakunja mkono wa gauni lake, akanionyesha kifundo chake cha mkono, ngozi ngumu yenye mabaka ya kuungua. "Huu ulinidanganya. Nilipaka hapa sikusikia kitu. Na mtoto ananiambia inawasha, mama, inawasha, mimi namwambia vumilia." Akaushusha mkono. "Alivumilia. Mtoto mbishi vile, siku hiyo akavumilia kwa sababu nilimwambia mimi."

Akakikunja kile kitambaa mara mbili.

"Sijawahi kumwambia neno," akaendelea mama. "Ningeanzaje? Nilikuwa namkaangia viazi." Kisha akanitazama kama aliyekumbuka jambo la maana. "Mnasoma shule moja, wewe na yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Ukimwona, mwambie mama yake anamwomba radhi kwa lile limau. Mwambie kwa utaratibu, maana ana hasira huyo, anaweza kukufokea bure."

"Nitamwambia."

Akanisindikiza mpaka mlangoni, akafungua, akasimama kungoja nitoke. Ningefanya nini? Nilitoka. Nikaenda kukaa kwenye gari la shule, ambalo hulala nje kwetu, upande wangu wa mwalimu, bado na vipande vya tango vilivyokauka nyuma ya masikio, nikalia kwa sauti. Nililia kwa sababu nilikuwa nimesubiri maneno yale tangu utoto bila kujua kama nayasubiri, na yamekuja, na aliyeyasema hajui kama yamefika.

Baada ya muda kaka akatoka na begi. Nikashusha kioo.

"Mchukue," nikasema. "Tulikubaliana. Hanijui."

Kaka akaliweka begi juu ya gari langu, na kwa jinsi lilivyojikunja nikaona bado ni tupu.

"Amekaa pale mlangoni," akasema. "Nimemwuliza anafanya nini, anasema anamsubiri binti yake atoke shule. Kumbe kila siku anakaa pale?"

"Kila siku. Mpaka jirani amwingize ndani."

"Mimi nilidhani amekusahau." Akapiga kipara chake kwa kiganja kama afanyavyo akikwama. "Nikimpeleka kwangu, huyo binti akirudi atamkuta nani?" Alinyoosha mkono dirishani akanitoa kipande cha tango sikioni. "Nitakuwa nakuja. Wifi yako pia atakuja. Nawa uso, Fe…" Akakatisha, akatazama kule mlangoni kama mtoto aliyesikia mwiko, kisha akaondoka na begi lake kwapani.

Nilinawa kwa jirani. Jua lilikuwa limeanza kupoa. Mama alikuwa bado kwenye benchi la nje, mikono mapajani, anaitazama barabara. Siku zote nilizokuwa nikirudi na kumwambia mimi ni mwanao, alijikunyata. Nikasimama mbali kidogo.

"Hodi, mama."

"Karibu. Wewe nani?"

"Nimetumwa na binti yako."

Akanyoosha mgongo. "Umemwona?"

"Nimemwona. Nimemfikishia maneno yako ya limau. Anasema yalikwisha zamani. Hana kinyongo. Anasema vile viazi vilikuwa vitamu sana."

Mama alicheka kidogo, akajifuta macho kwa pindo la gauni. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu, akiitazama barabara. Kisha akanigeukia.

"Sasa mbona hakuja mwenyewe?"

"Yuko njiani, mama."

Alisogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kwa kiganja chake.

"Basi kaa hapa tumsubiri," akasema.

Nikakaa, tukamsubiri.